Bwana Afya Anajibu: Papasi Katika Nyumba ya Tembe

SWALI: Bwana Afya, shikamoo. Ninaishi wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, katika nyumba ya tembe, ya udongo kuta hadi paa, tuliyoachiwa na wazee wa mume wangu. Tangu mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita anashikwa na homa kali kwa siku tatu hivi, inaacha, anacheza kama kawaida, kisha baada ya wiki moja inarudi. Zahanati walimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hawakuona kitu. Mama mkwe anasema ni papasi, na anataka tumwage mafuta ya taa sakafuni. Nina mimba ya miezi sita na ninaogopa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mama. Huenda mama mkwe amekisia sawa kuhusu ugonjwa, kwani homa inayoacha na kurudi namna hiyo ndiyo tabia ya homa ya papasi, inayoenezwa na kupe wa ndani ya nyumba aitwaye papasi, lakini mafuta ya taa naomba msimwage hata tone. Yanaweza kuunguza nyumba, mvuke wake ni hatari kwenu, na papasi aliyejichimbia ndani ya ufa hayamfikii.

Anza na mtoto. Mpeleke kwenye kituo chenye maabara siku ile ile homa inapopanda, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huu huonekana katika damu wakati wa homa, na ikishapoa huwa vigumu kuvipata. Waeleze kwamba mnalala kwenye tembe na omba damu itazamwe kwa hadubini. Kile kipimo cha haraka hutafuta malaria peke yake. Ndiyo maana watu wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu, au hupewa dawa ya mseto ya malaria isiyotibu homa hii. Ugonjwa unatibika vizuri kwa antibiotiki, ila baada ya dozi ya kwanza homa na kutetemeka vinaweza kuzidi kwa saa kadhaa, hivyo ni vema mtoto aanzie dawa mahali anapoweza kuangaliwa. Na wewe, mama, ukihisi homa usisubiri kesho. Homa ya papasi huharibu mimba na huua watoto wachanga. Mweleze mhudumu umri wa mimba yako, kwa kuwa si kila dawa ya ugonjwa huu hupewa mjamzito.

Sasa nyumba, maana mtoto akitibiwa na kurudi kulala palepale, ataumwa tena. Papasi ni kupe mwenye ngozi laini yenye mikunjo, asiye na gamba gumu mgongoni. Mchana hujificha katika udongo uliolegea na kwenye nyufa. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda usiofika hata saa moja, kisha hurudi kwake kabla hujaamka. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuihama nyumba kwa msimu mmoja hakumwondoi. Robert Koch, alipouchunguza ugonjwa huu katika nchi yetu mwaka 1905, enzi za Wajerumani, aliona vijidudu hata ndani ya mayai ya papasi; yaani kizazi kipya kinaweza kuanguliwa tayari kimebeba homa.

Ukitaka kuhakikisha kama wamo, kwangua udongo uliolegea pale ukuta unapokutana na sakafu, hasa chini ya kitanda, uutandaze kwenye sinia na kuuweka juani. Mwanzoni hutaona chochote ila chembe za udongo. Tulia utazame: jua likianza kuchoma, baadhi ya hizo chembe zitaota miguu na kutembea. Usiwapasue kwa vidole, kwani majimaji ya papasi nayo huambukiza.

Tangu leo mtu yeyote asilale chini, si kwenye mkeka wala kwenye godoro. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekewe chini ya godoro pande zote kisiguse sakafu. Kisha muombe afisa afya wa kata awaelekeze kiuatilifu kilichoruhusiwa kupulizwa ndani ya nyumba, na mpulizaji ahakikishe dawa inaingia kwenye nyufa, si kupita juu ya ukuta tu. Wewe na watoto mkae nje hadi muda uliotajwa kwenye kibandiko uishe. Baada ya hapo ndipo nyufa zizibwe. Kukandika kwa udongo mtupu husaidia kwa muda, lakini udongo ukikauka hupasuka na papasi hupata makazi mapya. Kwa hiyo, fedha ikiwa kidogo, ningesakafia kwa saruji chumba cha kulala kwanza na kupiga lipu sehemu ya chini ya kuta zake, vyumba vingine vingoje mavuno.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Monduli. Je, kupe wa ng'ombe nao huleta homa ya papasi? Naweza kupuliza dawa ya josho ndani ya nyumba?

JIBU: Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu. Dawa ya josho imepimwa kwa ajili ya mifugo, haikukusudiwa chumba wanamolala watu. Kupe wa ng'ombe ni wa jamii nyingine: yule wa kahawia anayependa masikio hueneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, na hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa kabla ya kuambukiza. Kwa hiyo ogesha kwa ratiba, kwa kipimo kilichoandikwa, maana dawa iliyozimuliwa kupita kiasi huwazoesha kupe. Chunguza ndani ya masikio ya ndama mara kwa mara, na muulize mtaalamu wa mifugo kuhusu chanjo ya ndigana kali. Hata ukichanja, endelea kuogesha, kwa sababu chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na maji moyo.