Kabla ya Kuuliza Mshahara, Uliza Kazi Ikikatika Utaishi Vipi

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, haipiti wiki bila kijana wa kwetu Pwani kuniuliza ni wapi kuna malipo mazuri zaidi, Marekani au Ujerumani. Nimefanya kazi katika nchi zote mbili, na kotekote nimeonja mdororo wa uchumi, kwa hiyo nami humrudishia swali: siku kibarua kikiota nyasi, kodi ya nyumba italipwa na nani, na daktari je?

Machi 2020 nilikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja mjini Columbus, Ohio. Wageni walikatika ndani ya wiki moja, na siku ya Ijumaa msimamizi alitukusanya jikoni akatuambia tusije tena Jumatatu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Katika majimbo yote isipokuwa Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri anaweza kukuachisha kazi wakati wowote bila kutoa sababu, mradi tu isiwe ubaguzi au jambo jingine lililokatazwa, na wewe pia una uhuru wa kuondoka vivyo hivyo. Mwezi uliofuata ukosefu wa ajira nchini ulipanda hadi asilimia 14.7.

Mafao ya kukosa kazi niliyapata, na hadi mwisho wa Julai serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki, hata baadhi yetu wa mishahara ya chini tukawa tunapokea zaidi ya tulivyolipwa jikoni. Kilichonikosesha usingizi kilikuwa bima ya afya, kwa kuwa ilifungamana na kazi iliyokwisha, na mke wangu, aliyekuwa bado masomoni, alikuwa mjamzito. Sheria iliniruhusu kubaki na bima hiyo kwa miezi 18, ila kwa kulipa mchango wote, wangu pamoja na ule uliokuwa ukilipwa na mwajiri, na fedha hizo sikuwa nazo. Wala sikujua kwamba anayepoteza bima ya kazini hupewa siku 60 za kununua nyingine katika soko la bima la serikali, ambako wengi wenye kipato kidogo hupunguziwa bei. Nilikuja kuambiwa siku ya 52. Kama unaelekea Marekani, tarehe ya mwisho ya siku hizo 60 iandike mahali utakapoiona, na uweke akiba ya kodi ya miezi mitatu hata kabla hujatuma fedha nyumbani. Najua maneno haya ni magumu kwa mwenye wazazi wanaomtegemea, lakini mtoto asiye na akiba huishia kukopa kwa wazazi hao hao.

Hata hivyo, nchi ile huajiri upesi kama inavyoachisha. Mwaka 2021 ghala moja lilinichukua baada ya mahojiano ya dakika 20, kwa malipo ya saa yaliyopita yale ya hotelini, bila kuniomba cheti chochote. Kufikia Januari 2023 ukosefu wa ajira ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.4. Marekani ilikuwa imewaacha wengi wapoteze kazi, ikawapa fedha za kujikimu, kisha watu wakatawanyika kwa waajiri wapya.

Ujerumani hufuata njia nyingine, nami niliielewa baada ya mke wangu kupata kazi ya uuguzi Stuttgart, nami kuajiriwa katika kiwanda cha vipuri vya magari. Maagizo yalipopungua mwaka 2024, hatukuachishwa. Tuliwekwa kwenye mpango uitwao Kurzarbeit, yaani saa za kazi hupunguzwa, na mfuko wa bima ya ajira hufidia asilimia 60 ya mshahara wa mkononi uliopotea, au asilimia 67 kwa mwenye mtoto. Ukipoteza euro 600, unarudishiwa takriban euro 402 kama una mtoto. Mpango huu ndio uliosaidia mwaka 2009, wakati uzalishaji wa Ujerumani ulipoporomoka kwa zaidi ya asilimia 5 na bado ukosefu wa ajira ukaongezeka kidogo tu, ilhali Marekani ulifika asilimia 10 Oktoba mwaka huo. Kiwanda hakitaki kumpoteza fundi kilichomfunza kwa miaka mitatu, kwa kuwa maagizo yakirudi kitamhitaji kesho yake asubuhi.

Lakini lazima niseme wazi jambo ambalo mawakala hawalitaji. Ulinzi huo humfaa zaidi aliye ndani tayari. Wenzangu walioletwa na kampuni za kukodisha wafanyakazi, na wale wenye mikataba ya muda maalumu, ndio waliotangulia kutoka, na wengi wao walikuwa wageni kama mimi. Sheria ya kumlinda mfanyakazi asiachishwe ovyo huanza kufanya kazi baada ya miezi sita, tena katika sehemu zenye wafanyakazi zaidi ya kumi. Isitoshe, kupunguza saa husaidia pale shida inapopita. Uchumi wa Ujerumani ulisinyaa mwaka 2023 na 2024, na Agosti 2025 wasio na kazi walizidi milioni 3. Kwa hiyo zile siku za kukaa nyumbani nilizitumia kusoma Kijerumani, nami ninaamini ndizo zilizoniokoa.

Mwaka uliofuata nililetewa karatasi ya makubaliano ya kuacha kazi kwa hiari pamoja na kitita cha fedha. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Mama mmoja wa baraza la wafanyakazi alinizuia, akanieleza kwamba nikitia sahihi ninaweza kunyimwa mafao kwa hadi wiki 12. Barua ya kuachishwa lazima iwe ya karatasi yenye sahihi ya mkono. Ujumbe wa simu si kitu. Ukishaipokea una wiki tatu za kufungua shauri katika mahakama ya kazi, na unatakiwa ujiandikishe katika ofisi ya ajira miezi mitatu kabla ya kazi kwisha, au ndani ya siku tatu tangu uarifiwe, kama imebaki chini ya miezi mitatu.

Anayetoka Marekani aachane pia na mazoea ya kushika kazi mbili kamili. Ujerumani saa za waajiri wote hujumlishwa, wastani usizidi 48 kwa wiki, na kati ya zamu na zamu lazima upumzike saa 11. Mwanzoni niliona ninanyimwa riziki. Sasa Jumapili maduka yakiwa yamefungwa ninakaa na binti yangu, aliyezaliwa katika ile miezi ya Columbus.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Kilifi alinitumia mkataba wake akisema, "Mjomba, nitazamie tu mshahara." Mshahara ni mzuri. Ukurasa wa tatu unasema mkataba ni wa mwaka mmoja na mwajiri ni kampuni ya kukodisha wafanyakazi. Tumewaandikia kuuliza muda huo ukiisha atapelekwa wapi, na ni nani atakayemlipia masomo ya lugha, na mpaka wajibu hatatia sahihi.