Baba mdogo ametangaza Jumamosi, na kaka bado yuko mochwari Leicester

Mama Mkubwa, shikamoo. Kaka yangu, miaka 44, alianguka nyumbani kwake Leicester wiki iliyopita, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Mwili uko mochwari na mchunguzi wa vifo ameagiza ufanyiwe uchunguzi. Kule kwetu Rombo, Kilimanjaro, baba mdogo ameshatangaza kanisani kwamba tunazika Jumamosi ijayo, na turubai zimelipiwa. Mama anapiga simu kila asubuhi, anataka mwanawe alale kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, karibu na baba. Wifi hajakataa, ila hataki kusaini chochote. Baba mdogo anasema kuna jambo anatuficha. Rafiki ananishauri mwili uchomwe huku, nibebe majivu. Mimi niko Coventry, michango inaingia kwenye akaunti yangu na silali. Nianzie wapi?
Dada wa marehemu

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na poleni nyote. Mungu amlaze kaka yako mahali pema.

Anza na hiyo Jumamosi. Iondoe leo hii. Kwa heshima, lakini bila kuzungukazunguka, mwambie hivi: "Baba mdogo, shikamoo. Serikali ya huku bado haijatukabidhi mwili. Naomba kanisani waambiwe tarehe itatangazwa mwili ukishapata tiketi." Asikubishie wewe, akitaka kubisha, abishane na serikali ya Uingereza. Turubai zinarudishwa. Usichoweza kurudisha ni watu waliosafiri kutoka Dar na Mwanza kuja kumzika mtu ambaye bado yuko kwenye jokofu Leicester.

Najua nyumbani hawaelewi kwa nini inachukua muda. Wakumbushe habari ya Mwalimu Nyerere. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mwili ukafika Dar es Salaam tarehe 18, akazikwa Butiama tarehe 23. Yule alikuwa Baba wa Taifa, serikali nzima imesimama nyuma yake, alifia hospitali na ugonjwa wake ukijulikana. Kaka yako alifia nyumbani, ghafla, na hakuna daktari aliyeweza kusema kilichomuua. Kwa sheria ya Uingereza kifo cha namna hiyo lazima kiende kwa mchunguzi wa vifo. Akiagiza uchunguzi wa mwili, familia haina uwezo wa kuukataa. Hii haina maana kwamba kuna anayeshukiwa. Mweleze mama yako hilo kwa maneno rahisi, kwa sababu kijijini neno "uchunguzi" likishatoka, linazaa mengine kabla ya jua kuzama.

Uchunguzi ukionyesha ni maradhi, kifo kitaandikishwa na cheti kitatoka. Ukihitaji kuendelea, mchunguzi anaweza kutoa cheti cha muda na mara nyingi huuachia mwili huku yeye akiendelea na kazi yake. Kwa hiyo usikate tamaa ukisikia kwamba faili halijafungwa. Muulize karani wake swali moja tu: mwili utaachiwa lini? Mwambie pia mapema kwamba mnataka kuusafirisha nje ya nchi, kwa sababu kuna taarifa maalumu ya kuutoa mwili Uingereza ambayo lazima ipelekwe kwake. Akishaipokea ana siku nne kamili kabla mwili haujaruhusiwa kuondoka, ingawa anaweza kuruhusu mapema. Ni siku hizo nne ambazo mtu aliyekata tiketi kwa haraka hazijui.

Sasa wifi yako. Hapa nitasema wazi, na nisamehe ikiuma.

Kwa sheria ya Uingereza, kama marehemu hakuacha wosia uliomtaja msimamizi, mkewe wa ndoa ndiye wa kwanza katika kuamua mazishi. Baba mdogo hana sahihi huko, wewe huna, hata mama hana. Lakini hata sheria isingesema hivyo, mwanangu, soma tena barua yako. Umeandika kwamba hajakataa, hataki kusaini. Mimi nasikia mwanamke aliyempoteza mumewe ghafla, halafu simu ya kwanza kutoka ukweni ikamletea tarehe ya mazishi. Kuna mtu amemuuliza yeye anataka nini? Kama wana watoto, amefikiria watamtembelea wapi baba yao? Pengine anaogopa kwamba akisaini jina lake litaishia hapo, na kule Rombo atakaa pembeni kama mgeni kwenye msiba wake mwenyewe. Nimeona wajane wakifanyiwa hivyo, wakarudi Ulaya bila hata picha ya kaburi.

Nenda kwake. Usipige simu, nenda. Keti jikoni, mpikie watoto, na muulize: kaka alitaka kuzikwa wapi, uliwahi kumsikia? Akisema Rombo, mhakikishieni nafasi yake: tiketi yake na ya watoto ziingie kwenye bajeti kabla ya ng'ombe. Na kama kibali chake cha kuishi Uingereza kilitegemea cha mumewe, asitoke nchini kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni. Kumpeleka kuzika halafu akashindwa kurudi nyumbani kwake na kazini ni msiba wa pili.

Yapo pia mambo yanayomhusu yeye ambayo katika vurugu hizi hakuna anayemwambia. Mwajiri wa kaka yako aulizwe kama kuna pensheni au bima ya kifo kazini. Benki nyingi za huko hukubali kulipa ankara ya mazishi moja kwa moja kutoka akaunti ya marehemu zikipewa cheti na ankara. Na kama kaka alilipa michango ya bima ya taifa ya kutosha, mjane anayestahili posho ya watoto anaweza kupata pauni 3,500 kwa mkupuo na pauni 350 kila mwezi hadi miezi 18. Aombe ndani ya miezi 3 asipunjwe. Ule msaada mwingine wa serikali wa gharama za mazishi msiuhesabu. Hautolewi kwa mazishi ya Tanzania.

Kuhusu majivu. Rafiki yako hakukosa adabu, anafikiria pesa, na pesa ni tatizo kweli. Tangu 1963 Kanisa Katoliki linaruhusu mwili kuchomwa, kwa hiyo kama nyinyi ni Wakatoliki, paroko hatakufukuza. Lakini mama yako anataka mtoto wake chini ya migomba, kando ya mumewe. Kopo la majivu kwake halitakuwa mtoto. Nisingelipeleka wazo hilo Rombo isipokuwa wifi mwenyewe amelitaka.

Kampuni ya mazishi tafuteni iliyozoea kusafirisha miili Afrika, na mwombe bei kwa maandishi: kuchukua mwili, kuutia dawa, jeneza, karatasi zote, nauli ya ndege. Kisha ulizeni bei hiyo inaishia wapi. Wengi huishia kiwanja cha ndege cha Uingereza, na upande wa KIA, kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, unakuta hakuna aliyepanga wala kulipia mtu wa kutoa mzigo. Ndiyo, mzigo. Utaliona neno hilo kwenye karatasi na litakuchoma moyo. Mwili husafiri kama shehena na hulipiwa kwa kilo, na jeneza lenye bati la zinki lililochomelewa ndani ni zito. Ubalozi wetu London upigieni sasa, kabla mwili haujaachiwa, wawaambie wanachotaka. Kwa kawaida ni cheti cha kifo, cheti cha kutia dawa, barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, kibali cha mchunguzi na pasipoti ya marehemu. Kama marehemu alikuwa na pasipoti ya Uingereza, semeni tangu mwanzo, isigundulike dirishani.

Michango iondoe kwenye akaunti yako. Fungueni mahali ambapo wawili au watatu wanaona salio, mmoja wao akiwa wifi, na jumla iwekwe kwenye grupu kila jioni. Siyo kwamba nakushuku. Mtu asiyelala hawezi kukumbuka nani alituma nini.

Mambo mawili ya mwisho nayajua kwa sababu yalinipata. Mdogo wangu tulimrudisha kutoka ng'ambo miaka mingi iliyopita. Kampuni iliyomsafirisha haikutuambia vipimo vya jeneza, na sisi hatukuuliza. Vijana walichimba kaburi asubuhi kwa kipimo cha jeneza la fundi wetu wa pale kijijini. Padri akamaliza sala, wakaanza kushusha, likakwama. Lilikuwa pana mno. Likatolewa, likawekwa juu ya majani ya migomba, vijana wakavua makoti wakaingia tena na majembe, na sisi tukasimama pale karibu saa nzima tukisikiliza udongo ukichimbwa. Mama alikaa chini, akashika mpini wa jeneza, hakuuachia. Omba urefu, upana na kimo, pamoja na vipini, umtumie baba mdogo. Hiyo ndiyo kazi atakayoifurahia, na ina maana kuliko turubai.

La pili, mama yako atataka kuona uso. Waulize kampuni mapema: mwili unafaa kuonwa baada ya uchunguzi? Jeneza lina kioo, au bati likatwe, na nani atalikata? Kama haiwezekani, mama ajue akiwa bado nyumbani na watu wake, asilijue kanisani. Sisi mama yetu tulimwambia kanisani.

Na kama mama yako ana chochote anachotaka mwanawe alale nacho, rozari au kitenge, kitafutiwe msafiri wa kukuletea huko wiki hii, kwa sababu bati likishachomelewa hakuna tena kuingiza kitu. Nguo achague wifi. Kesho panda treni uende Leicester ukamuulize ipi.