Jibu: Miwani ya kupatwa kwa Jua na kupita kwa Zebaki

Ndugu, umeuliza iwapo miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua itatosha kuiona Zebaki ikipita mbele ya Jua tarehe 13 Novemba 2032. Haitatosha, kwa kuwa kipenyo cha sayari hiyo kitaonekana kuwa takriban sehemu moja kati ya 190 ya kipenyo cha Jua, udogo ambao jicho lisilosaidiwa na darubini haliwezi kuutambua. Zuhura ilionekana kwa miwani hiyo mwaka 2012, lakini haitapita tena hadi Desemba 2117.

Utahitaji darubini inayokuza angalau mara 50, yenye kichujio cha Jua kilichofungwa imara mbele ya lenzi kuu. Kile kidogo cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia kiepuke kabisa, maana joto linalokusanyika hapo huweza kukipasua ghafla na kukupofusha. Binafsi napendelea kutupa taswira ya Jua kwenye karatasi nyeupe kwa darubini ndogo ya lenzi, kwani watu kadhaa huweza kutazama pamoja, mradi asiwepo anayechungulia ndani yake. Kitone cheusi cha mviringo kamili, kinachosogea polepole, ndicho Zebaki. Madoa ya Jua huwa na kingo zisizo sawa.