Maswali ya Wasomaji: Desemba ya Nyumbani

Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani mpaka Januari, mvua za vuli bado zinanyesha, na barua nyingi za mwezi huu zinahusu jioni: michezo, vitafunwa, TV. Tumechagua zile zenye kero mahususi, ambapo mtu amejaribu na kuna kitu kimegoma.

Shikamooni. Niliwanunulia wanangu wa miaka 9 na 12 bao la Kiswahili. Kila tukianza wanapotea kwenye kunamua na nyumba, na mdogo ananuna anaondoka. Ni mapema mno kwao? – Baba wa wawili, Tanga

Marahaba. Umri unatosha kabisa. Mmeanzia pagumu. Bao kamili huanza na kete 6 kwenye nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi kwa kila mchezaji, zikiingizwa moja moja; huko kuingiza ndiko kunamua. Mtoto hapo anabeba sheria za kunamua, za nyumba na za kula kwa wakati mmoja. Rudini kwenye bao la kujifunza.

Jazeni mashimo yote 32 kete mbili mbili. Zote 64 ziko ubaoni, hakuna cha mkononi, na nyumba ni shimo kama mengine. Mchezaji anachukua kete za shimo lake lolote lenye kete mbili au zaidi, anazigawa moja moja kuelekea upande anaotaka, akizunguka safu zake mbili tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lake la mbele ambalo tayari lilikuwa na kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, amekula. Anazichukua zile za mpinzani na kuzigawa upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, akiendelea na uelekeo aliokuwa nao. Kama kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, anazoa zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, zamu ni ya mwenzake.

Mambo matatu ndiyo huleta ugomvi nyumbani, kwa hiyo yasemeni kabla ya kuanza. La kwanza, mwenye nafasi ya kula lazima ale, hata kama anaona mchezo mwingine mzuri zaidi. La pili, mgao wa kwanza usipokula, zamu yote ni ya kutakata: ataendelea kuzunguka lakini hatakula tena mpaka zamu ijayo, na kete za kuanzia kutakata atoe safu ya mbele kama inawezekana. La tatu ni kimbi, yale mashimo mawili ya pembeni kila upande wa safu ya mbele. Ukila kwenye kimbi ya kulia, unaanza kugawa kwenye kichwa cha kulia hata kama ulikuwa unatoka upande mwingine. Ya kushoto hivyo hivyo. Hapo ndipo mchezo unapogeuka, na mtoto akishakiona hicho hataki tena kuinuka.

Anashinda anayemaliza kete zote za safu ya mbele ya mwenzake, au anayemwacha mwenzake hana shimo lenye zaidi ya kete moja. Wakishacheza hivi wiki mbili bila kukuuliza, waonyeshe kunamua.

Kwa wasomaji wasio na bao: trei mbili za mayai zinatosha. Kila trei ina vishimo 30, sita kwa tano. Kata mraba wa vishimo vinne kwa vinne kutoka kila moja, ziunganishe kwa gundi, una safu nne za mashimo manane. Kete bora ni komwe. Maharage yanateleza na kutumbukia shimo la jirani, halafu watu wanabishana. Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba, kete zihesabiwe kila mchezo ukiisha, maana ndicho kipimo kamili cha koo lake.

Kashata zangu za nazi leo zinakuwa laini hazishiki, kesho zinamomonyoka kama mchanga. Vipimo ni vilevile. Nakosea wapi? – Mama Wawili, Tabata

Mama Wawili, hayo ni makosa mawili tofauti, na yote yako kwenye moto, hayako kwenye vipimo. Tuanze na vipimo hata hivyo, ili tuzungumze kitu kimoja: nazi iliyokunwa vikombe vitatu, sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo sana. Nazi iwe mbichi na isikamuliwe. Wengi hutumia machicha ili tui liende kwenye wali, lakini mafuta ya nazi yakishatoka, kashata haina cha kuishikanisha.

Weka sukari na maji kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha iache ichemke bila kuigusa. Baada ya dakika chache mapovu yanakuwa mazito na yanapasuka polepole. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likijikusanya chini na ukaweza kulibonyeza kwa vidole likawa kidonge laini, tia nazi, iliki na chumvi. Sasa koroga bila kuacha. Nazi itatoa maji yake na shira italegea tena, na hapa ndipo kashata laini huzaliwa: mtu anaona imechanganyika vizuri, anaipua. Subiri. Iko tayari pale mchanganyiko unapoachia kuta za sufuria na kufuata mwiko kama donge moja, na chini ya sufuria unaona mstari mweupe mweupe wa sukari inayoanza kuganda.

Ukipita hapo hata dakika mbili, maji yote yamekauka na sukari inageuka chenga kabla hujaipakua. Hiyo ndiyo inayomomonyoka. Usiitupe: irudishe motoni na vijiko vikubwa vitatu vya maji, moto mdogo, iyeyuke upya, kisha uipeleke tena mpaka iachie sufuria. Ile laini nayo irudishe vivyo hivyo, ila bila maji.

Imwage kwenye sinia lililopakwa mafuta, ibonyeze kwa mgongo wa kijiko iwe na unene wa sentimita moja na nusu, na uikate ingali vuguvugu, kama dakika kumi baadaye. Ikishapoa kabisa kisu kinaivunja badala ya kuikata. Zikiwa baridi kabisa ndipo zifungiwe kwenye kopo lenye mfuniko. Ukizifungia na joto, mvuke unazilowesha. Ukiziacha wazi msimu huu wa mvua, sukari inavuta unyevu wa hewani na zinanata.

Kishada cha mwanangu kinapanda kidogo, kinazunguka zunguka, halafu kinashuka kichwa chini. – Msomaji, Bagamoyo

Karibu kila mara ni ulinganifu au mkia. Angalia chelewa kwanza. Chelewa ni nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na mti wa kukingama ukiwa chelewa moja, bawa moja ni zito na gumu kuliko jingine. Chukua chelewa mbili, zilaze pamoja zikiwa zimepishana, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, uzifunge kwa uzi kila baada ya sentimita kumi. Zitapinda sawasawa pande zote.

Kwa kishada cha kawaida, mti wa wima uwe sentimita 60 na wa kukingama 50, vikutane sentimita 15 hadi 18 kutoka juu. Zungusha uzi kwenye ncha nne, kisha bandika gazeti kwa uji mzito wa ngano. Khaki ni nzito mno kwa ukubwa huo. Kabla ya kwenda uwanjani, kining'inize kwa uzi wa mti wa wima: bawa linaloinama ongezea jingine kipande cha karatasi mpaka kitulie.

Mkia uwe wa kitambaa chepesi, mita tatu hadi nne. Kikizunguka, urefushe. Kikivutwa chini na kugoma kupanda, upunguze kidogo kidogo. Kwenye hatamu, yaani ule uzi unaofungwa juu na chini ya mti wa wima, fundo la kufungia uzi mrefu likae juu kidogo ya pale miti inapokutana. Upepo ukiwa mkali lisogeze juu sentimita moja; ukiwa mwanana, lishushe. Kaskazi imeshaanza kuvuma mwezi huu, na alasiri ufukweni inafaa kuliko asubuhi.

Tunasisitiza kwa uzito wote: mbali na nyaya za umeme, wala msitumie waya au uzi wenye madini. Uzi uliolowa unapitisha umeme. Kishada kikinasa kwenye nyaya, kiacheni hapo hapo. Mtoto akatengeneze kingine.

TV inawaka tangu asubuhi na bando la simu linaisha kwa siku mbili. Nizime kipi? – Dada wa Mwanza

TV ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 50. Ikiwaka saa tano kwa siku, mwezi wa siku 31 ni uniti 7.75. Ukilinganisha, pasi ya wati 1200 ikiwaka saa moja mfululizo imekula umeme wa TV hiyo wa saa 24. Kwa hiyo upande wa LUKU, nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja badala ya moja moja kila asubuhi, na TV iachwe iwafurahishe watoto kwa muda mliokubaliana.

Bando ndilo la kushika. Video ya ubora wa juu, ile ya 1080p, inaweza kufika GB 3 kwa saa. Ya 480p hukaa chini ya GB 1, na kwenye kioo cha simu huioni tofauti. Badilisha kwenye mipangilio ya programu yenyewe, na uzime uchezaji wa kujiendeleza, kwa sababu watoto wakisinzia video zinaendelea kujifungua zenyewe. Filamu inayorudiwa rudiwa ipakueni mara moja. Ukiihamishia kwenye flashi na TV ikagoma kuipokea, angalia ukubwa wake: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4.

Bisi nusu zinabaki mbegu. – Msomaji, Dodoma

Mahindi yako yamekauka. Bisi hupasuka kwa mvuke wa maji yaliyomo ndani ya punje, kama asilimia 14 ya uzito wake, na gunia lililokaa juani sokoni limeshayapoteza. Tia vikombe vitatu vya mahindi na kijiko kikubwa kimoja cha maji kwenye chupa yenye mfuniko, tikisa mara kadhaa kwa siku, jaribu siku ya nne. Jikoni, tumia vijiko vitatu vikubwa vya mafuta kwa nusu kikombe cha mahindi, tanguliza punje tatu, na zikipasuka mwaga zilizobaki. Mfuniko uache upenyo mdogo, la sivyo mvuke unarudi na bisi zinakuwa kama mpira. Kwenye mkaa punguza moto. Ganda likiungua kabla ndani hakujapata joto, punje haipasuki tena.

Barafu zangu za ubuyu ni ngumu kama jiwe, watoto wanazing'ata mpaka meno yanauma. – Bibi wa Ukonga

Shikamoo, bibi. Ni sukari imepungua. Sukari ndiyo inayozuia maji kuganda yote kuwa kipande kimoja. Kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia kikombe kimoja cha unga wa ubuyu na robo tatu ya kikombe cha sukari. Ndizi mbivu moja iliyopondwa huzilainisha zaidi. Onja kabla ya kugandisha: iwe tamu kupita unavyopenda, maana baridi hufifisha utamu ulimini. Maji yachemshwe kweli, friza haiui vijidudu. Vikombe vikigoma kuachia, vitumbukize kwenye maji ya kawaida sekunde chache kisha vuta kijiti.