Maswali Yenu: Viluwiluwi Birikani, Damu ya Vipimo na Miche ya Mikoko Inayokufa

Mwezi huu maswali mengi yametoka Lamu na Malindi, na karibu yote yanawahusu watafiti wa vyuo wanaopita majumbani, zahanati na mikokoni. Haya ndiyo tuliyoyachagua.

Vijana wa chuo walikuja nyumbani kwetu Langoni, wakamulika birika la kuhifadhia maji na mitungi kwa tochi, wakaandika namba wakaenda zao. Walikuwa wakihesabu nini? (Mama wa nyumba, Lamu)

Mama, walikuwa wakitafuta viluwiluwi wa mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Ndiye mwenye kueneza homa za chikungunya na dengi. Kisiwa chenu kinajulikana mbali kwa jambo hili: mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na upimaji wa damu uliofuata ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2005 ugonjwa ulikuwa umeshafika Komoro na Réunion. Kipindi kile kulikuwa na ukavu mkali, maji yakawekwa ndani siku nyingi bila kubadilishwa, na Aedes hupenda maji safi yaliyotulia. Ndiyo sababu wageni wenu walianzia birikani, si mtaroni. Mbu wa mtaro mchafu kwa kawaida ni Culex, anayehusika na matende.

Namba walizoandika hutoa vipimo vitatu. Tuseme wamekagua nyumba 100 zenye vyombo 400, wakakuta viluwiluwi katika nyumba 30 na vyombo 50. Kipimo cha nyumba ni 30, cha vyombo ni 12.5, na cha tatu, kinachoitwa Breteau, ni 50, yaani vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100. Sisi tunakiamini zaidi hicho cha tatu kuliko viwili vya kwanza, lakini hata chenyewe hakisemi ni mbu wangapi watakaoruka. Mtafiti makini huhesabu pia pupa, wale waliojikunja kama alama ya mkato, kwa kuwa hao wamebakisha siku moja au mbili tu wawe mbu kamili.

Makosa ya kazi hii huanzia kwenye kifuniko. Ukikifunua kwa kishindo, au kivuli chako kikiangukia maji, viluwiluwi wote huzama chini, nawe ukiandika sufuri umejidanganya. Funua polepole, simama ubavuni, ngoja wapande kupumua, ndipo umulike.

Nyumbani, kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya Aedes hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Maji yakipanda tena yanaanguliwa. Sugua kuta kwa brashi mara moja kwa wiki, hasa pale juu ya maji, kwa sababu kwa joto letu kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10. Birika kubwa la kujengwa lisiloweza kumwagwa kila wiki, wazee wa Lamu walilitia samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Walizamisha hata bakuli la kauri kwenye sakafu ya birika, ili maji yakiisha samaki wabaki na pa kukaa. Ni ufundi unaofaa hadi leo, na mwanafunzi anayekagua nyumba za zamani aandike kama samaki wamo au hawamo.

Mwanangu alikuwa na homa, akatolewa damu ya utafiti. Sasa amepona, wanataka arudi baada ya wiki mbili atolewe tena. Ya nini, na faida yake iko wapi? (Baba, Malindi)

Damu ya pili ndiyo inayoipa maana ya kwanza. Siku 5 za mwanzo za homa, kirusi chenyewe kimo damuni na kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi, kinaweza kukinasa. Baada ya hapo kirusi hupungua, na kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupambana nacho, zinapanda. Sasa, kingamwili zikionekana mara moja tu, hatujui ni za homa hii au za zamani. Dengi ilithibitishwa Malindi na Kilifi tangu 1982, kwa hiyo wapo wengi wanaotembea na kingamwili za miaka iliyopita, na tena kingamwili za virusi vya ukoo mmoja hufanana. Kiwango kikipanda mara 4 au zaidi kati ya damu ya kwanza na ya pili, iliyochukuliwa wiki 2 au 3 baadaye, ndipo husemwa kwa uhakika kwamba ugonjwa ulikuwa huu.

Kiasi kinachotolewa lazima kiandikwe kwenye karatasi ya maelezo. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Kwa mtoto, mzazi ndiye atiaye sahihi, na mtoto mkubwa kidogo naye huulizwa. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu ile. Unaweza kukataa leo au kujitoa kesho, na mwanao atatibiwa vilevile. Mkikubali, basi mrudi siku mliyopangiwa.

Kwa wanaochukua sampuli, hasa visiwani, angalieni safari. Damu ikikaa juani kwenye gati la Mokowe inaharibika, na damu nzima ikigusana na barafu chembe nyekundu hupasuka na majimaji yake huwa mekundu, vipimo vingine visisomeke. Iacheni igande, tenganisheni majimaji kwa mashine ya kuzungusha kabla ya kuvuka, na wekeni kitambaa au kadibodi kati ya chupa na barafu. Majimaji mazuri yana rangi ya manjano hafifu kama mafuta ya ufuta.

Umeuliza pia faida iko wapi. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome kipo Kilifi tangu 1989, na watoto wa Kilifi ni miongoni mwa walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike kwa watoto Oktoba 2021. Chanjo hiyo isingefika hapo bila wazazi waliorudi na watoto wao siku waliyopangiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani. Nahitaji vibali gani kabla ya kukusanya data Malindi?

Leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na kabla yake idhini ya kamati ya maadili kama unawagusa watu au wanyama. Ukiingia Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, ongeza kibali cha mamlaka ya wanyamapori. Kisha jitambulishe ofisi ya kaunti, kwa chifu, na kwa wavuvi wa eneo lako. Anza mapema: kamati ikikurudishia maswali, wiki zinaliwa.

Kikundi chetu Matondoni kimepanda mikoko mara mbili, yote imekufa. Tunakosea wapi?

Mara nyingi tatizo ni pahali. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, nayo haikujipanda ovyo. Inaota kati ya usawa wa kati wa bahari na pale maji ya bamvua yanapokomea. Tope tupu la mbele, ambalo ni rahisi kulifikia kwa mashua na lina nafasi, huwa limezama saa nyingi mno. Mche hauvuti hewa ukafa. Kwa hiyo ulizeni kwanza: hapa paliwahi kuwa na mikoko? Kama haikuwahi, acheni.

Kupima usawa hakuhitaji mashine. Chukueni mpira mwangavu uliojaa maji, ule wa mafundi wa ujenzi. Ncha moja iwe penye mikoko ya asili ilio hai, nyingine mnapotaka kupanda, mlinganishe. Kila mti na zamu yake: mlilana mbele baharini, nyuma yake mkoko wenyewe (ule wenye mizizi mirefu ya juu) na muia, kisha mkandaa, na mchu upande wa bara, ingawa mchu huonekana na mbele pia.

Mbegu za mkoko chukueni zilizokomaa, zenye pete ya manjano shingoni, zinazoachia kofia zenyewe mkizigusa. Mkiivuta kofia kwa nguvu mnang'oa kichipukizi. Yenye tundu la mdudu itupeni. Chomekeni theluthi moja topeni, ncha kali chini, umbali wa mita 1 hadi 1.5. Kama mfereji wa maji umezibwa na barabara au takataka, zibueni kwanza; penye maji yanayopita na miti mama karibu, miche mara nyingi huja yenyewe. Na msitangaze idadi mliyopanda. Hesabuni iliyo hai baada ya miezi 3, 6 na 12, hiyo ndiyo tutaichapisha hapa kwa furaha.

Napima unene wa mkoko, lakini mizizi imepanda juu ya kifua changu. Nipime wapi?

Miti mingine hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko, ikiwa mizizi ya juu imepita hapo, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na uandike hivyo daftarini. Zungusha utepe ukiwa mlalo. Utepe ukiinama upande, namba inavimba. Mzingo wa sentimita 33 gawanya kwa 3.14, kipenyo ni 10.5.

Kwa nini vipimo vyetu vya uangavu wa maji Malindi havilingani na vya wenzetu wa mwaka jana?

Huenda mlipima upepo tofauti. Mto Sabaki unaleta udongo mwekundu. Wakati wa kusi unasukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui. Kaskazi ikishika, unashuka kusini kwenye ghuba na matumbawe ya hifadhi. Andikeni tarehe, upepo, saa, na kama maji yanajaa au yanakupwa, kisha mlinganishe kaskazi kwa kaskazi.