Mradi umekamilika kwa asilimia 100, maji yako wapi?

Mwezi huu maswali mengi yaliyotufikia yanahusu miradi ya mikopo ya benki za maendeleo: nani anaipima, kwa kipimo gani, na mwananchi afanye nini taarifa inapopingana na anachokiona.

Ndugu wahariri, kijiji chetu kilipata mradi wa maji kwa fedha za mkopo: kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vituo 12 vya kuchotea. Taarifa inasema umekamilika kwa asilimia 100. Leo vinavyotoa maji ni 7, na viwili kati ya hivyo vinatoa asubuhi tu. Taarifa imedanganya? Sisi wa kamati tupimeje wenyewe? *(Katibu wa jumuiya ya watumia maji, Manyoni)*

Huenda haijadanganya, imejibu swali jingine. Asilimia 100 ni ya mkataba: bomba limelazwa, tenki limejengwa, mkandarasi amelipwa. Hayo ni mazao ya mradi. Ninyi mnauliza matokeo, yaani ndoo ngapi zinafika nyumbani. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Jengo lilikuwepo na mashine zilikuwepo, ila uzalishaji haukuvuka asilimia chache tu za uwezo wake mpaka kikafungwa. Kwa orodha ya vilivyojengwa, kiwanda kile kingepata alama zote.

Sasa vipimo. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250. Zidisha: 250 mara 25 ni lita 6,250, yaani ndoo 313 za lita 20 kwa siku kwa kituo kimoja. Chukueni ndoo na simu, pimeni ndoo inajaa kwa sekunde ngapi, kisha ongezeni nusu dakika ya mtu kutoa yake na mwenzake kuweka. Ikijaa kwa dakika moja, kila ndoo inakula dakika moja na nusu, na ndoo 313 zinahitaji karibu saa nane za maji mfululizo. Kama maji yanatoka saa sita tu kwa siku, ndoo lazima ijae kwa sekunde 40 hivi. Koki inayotiririka kama mkojo wa kuku itaandikwa "inafanya kazi" kwenye fomu, na foleni itabaki palepale.

Pimeni mwishoni mwa kiangazi, Septemba hadi Novemba. Masika watu hukinga ya mvua, kisima kimejaa, kila kitu kinapendeza. Na msikubali tathmini ya mwisho ifanyike ndani ya kile kipindi, mara nyingi mwaka mmoja, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Pampu ikifa wakati huo inabadilishwa kwa gharama yake. Swali la maana ni nini kitatokea ikifa baadaye.

Ndiyo maana daftari la fedha ni kipimo sawa na ndoo. Someni mita kuu tarehe 1 na tarehe 30. Tuseme zimepita lita 600,000. Hizo ni ndoo 30,000. Kwa shilingi 30 kwa ndoo, benki ilipaswa kuingia 900,000. Ikiwa imeingia 310,000, pengo limegawanyika kati ya uvujaji, wasiolipa na mfuko wa mtu. Uvujaji mnaupata usiku: fungeni koki zote saa nne, acheni valvu ya tenki wazi, na kama kina cha maji kimeshuka alfajiri, bomba linavuja njiani.

Kosa ambalo wapimaji wengi hulifanya ni kuuliza "mnapata maji?" huku gari la ofisi limeegeshwa pembeni. Mgeni hajibiwi hapana. Ulizeni: jana mlichota ndoo ngapi, wapi, saa ngapi? Halafu mtu mmoja akae kituoni tangu alfajiri hadi magharibi ahesabu. Msipime vile vya barabarani peke yake, maana mwisho wa bomba ndiko presha inakokufa.

Takwimu hizo zina pa kwenda. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 350 kwa maji vijijini Tanzania ambao fedha zake hutolewa kwa matokeo, vikiwemo vituo vinavyotoa maji. Ulizeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, kama mradi wenu umo ndani ya mpango huo. Kama umo, ofisi yenyewe ina sababu ya kutaka koki zenu tano zifufuke.

Mwalimu wetu anasema kulinganisha kabla na baada hakutoshi. Kama kipato cha kaya kilikuwa chini na sasa kimepanda, nini zaidi kinatakiwa? *(Mwanafunzi wa uchumi, Dodoma)*

Mwalimu yuko sahihi. Mvua ikiwa nzuri mwaka huo, au bei ya alizeti ikipanda, kipato kitapanda na mradi utajisifia mvua. Unahitaji kundi la kulinganisha: wanaofanana na walengwa kwa kila hali, ila mradi haujawafikia. Ukiokota kijiji cha jirani baada ya mradi kuanza umechelewa, kwa sababu huenda kiliachwa kwa sababu fulani: hakina barabara, au viongozi wake hawana pa kubisha hodi.

Njia safi ni bahati nasibu kabla ya kuanza. Majaribio ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, ya kutoa ruzuku kwa kaya maskini yalifanywa hivyo Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 viligawanywa: 40 vikaanza kupokea mwaka 2010, 40 vikasubiri. Matokeo yalifundisha jambo ambalo kipimo kimoja kisingelionyesha. Mwanzoni safari za kliniki ziliongezeka katika kaya zinazopokea, baadaye zikapungua. Aliyepima mara moja mwanzoni angesema ruzuku inapeleka watu kliniki. Aliyepima mwishoni tu angesema inawaondoa. Waliounganisha vipimo vyote waliona kaya zimekuwa na afya bora na zimejiunga zaidi na bima, na watoto wamenunuliwa viatu. Viatu havionekani kama kiashiria cha afya mpaka ukumbuke minyoo inaingilia wapi.

Tukiwa kwenye minyoo: Busia, Kenya, shule 75 ziligawanywa makundi matatu ya 25, zikaingizwa kwenye dawa kwa zamu kuanzia 1998. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Kilichowashtua wapimaji ni kwamba hata wasiomeza dawa walinufaika, kwa kuwa waliowazunguka waliacha kuwaambukiza. Ukilinganisha watoto wa darasa moja, waliomeza na wasiomeza, utaona tofauti ndogo na kuhukumu kwamba dawa haifai. Kwa hiyo uliza kwanza faida ya mradi inaweza kuvuka mpaka upi, kisha gawanya makundi nje ya mpaka huo.

Kuhusu sampuli, ambako tasnifu nyingi huanguka: kaya 400 si lazima ziwe kaya 400. Watu wa kijiji kimoja hufanana, wana kisima kimoja na mvua moja. Gawanya idadi ya kaya zako kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni kaya unazohoji kwa kila kijiji na r ni kiwango cha kufanana. Kwa r ya 0.1, ukihoji kaya 20 katika vijiji 20 unapata 2.9, na kaya zako 400 zina uzito wa 138. Ukihoji kaya 5 katika vijiji 80 unapata 1.4, na uzito ni 286. Kazi ni ileile ya madodoso 400, ila mafuta ya gari yanapanda. Bajeti ikibana, punguza kaya, usipunguze vijiji.

Huku kwetu Siaya nguzo zimefika na transfoma ziko. Mbona jirani zangu wengi hawakuvuta stima hadi bei ilipoteremshwa, na waliovuta hawajatajirika? *(Mwenye duka, Siaya)*

Swali lako lilipimwa hapohapo, Siaya na Busia, katika jamii 150 zenye transfoma. Bei ya kawaida ilikuwa KSh 35,000. Walioahidiwa bure walivuta karibu wote. Waliotakiwa kulipa KSh 15,000 walivuta kama robo yao, na kwa KSh 25,000 hawakufika mmoja kati ya kumi. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, maisha ya waliounganishwa hayakutofautiana sana na ya majirani. Stima ilikuwa ya taa, redio na simu. Mashine ya kuchomelea au friji ilihitaji mtaji ambao haukuja na waya.

Kwa hiyo ukisoma "kaya zilizounganishwa" usiridhike. Tafuta yuniti za tokeni zinazonunuliwa kwa mwezi, saa za giza kwa wiki, na idadi ya vifaa vinavyokula zaidi ya balbu.

Benki ikisema mradi "unaridhisha kiasi", ni sifa au lawama? *(Mwandishi wa habari, Mombasa)*

Ni kiwango cha chini kabisa kati ya vinavyohesabiwa kufaulu. Benki ya Dunia ina ngazi sita, kuanzia "unaridhisha sana" hadi "hauridhishi kabisa", na hicho ni cha tatu kutoka juu. Mradi ukifungwa, watumishi waliousimamia huandika taarifa ya ukamilishaji, kisha kitengo huru cha tathmini, IEG, hukagua na mara nyingine huteremsha daraja. Ila kwa miradi mingi ukaguzi huo ni wa mezani, na michache tu hutembelewa. Taarifa zote mbili ziko wazi mtandaoni. Zisome sambamba, uanzie pale daraja linapotofautiana. Angalia pia kama malengo yalishushwa katikati ya safari. Kanuni inataka mradi uhukumiwe kwa malengo ya kwanza na ya pili, kila moja kwa uzito wa fedha zilizotoka kabla na baada ya kushusha, lakini muhtasari wa kurasa mbili hauonyeshi hivyo.

Barabara imetuletea madhara. Tulalamike wapi? *(Msomaji, magharibi mwa Uganda)*

Anzeni na ofisi ya benki nchini kwa barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Msiporidhika, Paneli ya Ukaguzi ya Benki ya Dunia, iliyoanzishwa 1993, hupokea malalamiko ya watu wawili au zaidi walioathirika. Andikeni madhara, mahali, tarehe na mlichojibiwa. Mnaweza kuomba majina yafichwe. Ni malalamiko ya aina hii kutoka kwa wakazi yaliyotangulia Benki kufuta mradi wa barabara ya Kamwenge mwezi Desemba 2015, baada ya kuthibitika kuwa wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakiwadhulumu wasichana kingono. Kama fedha ni za Benki ya Maendeleo ya Afrika, nayo ina chombo chake cha malalamiko. Tazameni bango la mradi kando ya barabara: jina la mfadhili huandikwa hapo, na msipeleke barua kwa benki isiyo yenu.