Neno “trunk” si mkonga tu: kwa vijana wanaoanza kuongoza watalii

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza watalii nilikuwa na daftari la maneno. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, mstari mmoja neno moja. Elephant, tembo. Tusk, pembe. Trunk, mkonga. Nililisoma ndani ya daladala asubuhi na jioni, kutoka Ngaramtoni mpaka mjini Arusha na kurudi, nikiamini kwamba siku nitakayolimaliza nitakuwa nimekimaliza na Kiingereza cha porini.

Kisha ikaja siku ya Tarangire. Ilikuwa kiangazi, vumbi jingi, na tulikuwa tumesimama sehemu ya kulia chakula cha mchana. Mama mmoja mtu mzima, Mmarekani mwenye pumu, akaanza kukohoa na kushika kifua. Kwa sauti ya kukatikakatika akaniambia dawa yake iko “in the trunk”. Mkonga haukuwa na maana hapo, kwa hiyo akili yangu ikakimbilia tranka, sanduku la bati tulilokwenda nalo shule ya bweni. Juu ya keria tulikuwa na sanduku kama hilo, la vyombo vya mpishi. Nikapanda, nikafungua kamba, nikaanza kutoa sufuria moja baada ya nyingine. Aliyeipata dawa ni mwanawe. Alizunguka nyuma ya gari, akafungua mlango, akachomoa kibegi cha bluu. Mama akavuta dawa, pumzi ikarudi, wala hakunilaumu kwa lolote. Mimi mikono ilinitetemeka mpaka kambini, kwa sababu neno lenyewe nililisikia vizuri kabisa, na bado sikujua nimeambiwa nini.

Kwa Mmarekani, “trunk” ni buti la gari. Sisi tumezoea “boot” ya Waingereza, na ndiyo maana fundi yeyote wa gereji atakuelewa ukimwambia afungue buti. Mmarekani halitumii neno hilo kwa gari. Kwake “boot” ni kiatu, basi. Kwa hiyo kabla ya kupokea mizigo uwanja wa ndege, jua wageni wako wametoka wapi. Magari yetu ya safari hayana hata buti la kuitwa buti, yana mlango wa nyuma na nafasi ya mizigo, lakini mgeni atapaita kwa jina alilozoea nyumbani kwao.

Jioni ile nilichana ukurasa wa “trunk” nikauandika upya, na safari hii sikutafuta neno moja la Kiswahili. Nilitafuta picha. Neno hili limetokana na Kilatini, truncus, likapitia Kifaransa. Picha yake ni mwili wa mti uliokatwa matawi. Ukiishika picha hiyo, maana nyingi zinajipanga zenyewe. Shina la mti ni “trunk”. Mwili wa mtu ukiondoa kichwa, mikono na miguu, yaani kiwiliwili, nao ni “trunk”. Barabara kuu ambayo nyingine huchepuka kutoka kwake kama matawi ni “trunk road”, na ile inayotoka Chalinze ikapita Moshi na Arusha mpaka Namanga ni mojawapo. Sanduku kubwa la safari likapewa jina hilo pia, likitazamwa kama gogo lililochongwa ndani. Magari ya zamani yalifungiwa sanduku la namna hiyo kwa nyuma. Sanduku likaondoka, jina likabaki kwenye gari kule Marekani. Huku kwetu likatua bwenini, likawa tranka. Januari ikifika utayaona yamepangwa kando ya barabara, yamepakwa bluu na kijani, yanasubiri watoto wa kidato cha kwanza.

Mkonga ndio usioingia kwenye picha ya mti. Kamusi za asili ya maneno huuhusisha na neno la Kifaransa trompe, ambalo lina maana ya baragumu na pia ya mkonga wa tembo. Ukiwahi kuongoza Wafaransa utalisikia. Ukisikia tembo akipiga kelele karibu na gari hutauliza baragumu limeingiaje.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, maana hapa ndipo nilipochelewa sana. Usimeze nomino ya Kiingereza ikiwa peke yake. Imeze na majirani zake. Kiswahili tunakijua hivyo bila kufundishwa. Ukisikia “amekunywa tembo” hufikirii mnyama, na ukisikia “lete mbuzi nikune nazi” huendi zizini. Maneno ya pembeni ndiyo yanayokupa maana. Kiingereza kiko hivyohivyo, ila sisi tulikikuta shuleni, kwenye orodha za ubaoni, tukazoea kuyabeba maneno yakiwa hayana ndugu.

Majirani wa “trunk” ni wachache na wanajulikana. Tembo hufanya jambo “with its trunk”: anang'oa majani, anavuta maji, anamgusa mtoto wake. Kitu kikiwa “in the trunk” kiko ndani ya buti au sanduku. Kikiwa “on the trunk”, mara nyingi ni cha shina la mti: chui anayepanda, alama za kucha, mjusi. Ukimwambia Mmarekani kuna chui “in the trunk”, umemwambia yumo ndani ya gari. Hiyo in na on ni vijineno vya herufi mbili tu, na tunaviruka kama kokoto. Mimi nakushauri uvikariri kabla ya nomino yenyewe.

Wingi nao uangalie. “Trunks” inaweza kuwa mikonga ya tembo wengi au mashina ya miti, lakini mgeni wa kiume akiuliza hotelini wapi aanike “trunks” zake, anazungumzia kaptula ya kuogelea, na kaptula ni moja tu ingawa neno liko kwenye wingi. Kama suruali kwao ilivyo wingi siku zote.

Kuna jambo la matamshi pia, na hili naliona kila nikikaa na vijana wanaojifunza. Trunk, truck, track, trek. Mkonga au buti, lori, nyayo au njia, safari ya miguu. Wenzetu wa Moshi wanaopandisha wageni Kilimanjaro wanaweza kuyatumia yote manne kwa siku moja. “A” yetu ya Kiswahili ni moja, ya kwao ni zaidi ya moja, kwa hiyo truck na track vikitoka midomoni mwetu vinakuwa pacha. Fanya mazoezi, ndiyo, lakini usisubiri ulimi unyooke. Ongeza neno la pili: elephant's trunk, tree trunk, lion tracks. Mgeni atakuelewa hata sauti ikikosea kidogo. Katika mbinu zote ninazozijua, hii ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, na haigharimu kitu.

Pale Tarangire ndipo mahali pazuri pa kulifanyia neno hili mazoezi, kwa sababu mibuyu na tembo vipo pamoja. Simama karibu na mbuyu uliochunwa gome. Tembo huchana gome na kutafuna mbao laini ya ndani, yenye unyevunyevu, hasa kiangazi. Mtazame anavyofanya: pembe zinatoboa, mkonga unashika. Ncha ya mkonga wa tembo wa Afrika ina vidole viwili vya nyama, wa Asia kimoja, na ndani ya mkonga wote hakuna mfupa. Mweleze mgeni hayo yote kwa Kiingereza na utalazimika kusema “trunk” ya tembo na “trunk” ya mbuyu ndani ya sentensi moja. Ukiweza kuzitofautisha bila mgeni kukunja uso, umeliweza neno.

Na ukiambiwa kitu usichokuwa na uhakika nacho, uliza palepale, kwa heshima. “At the back of the car?” Maneno sita. Mimi siku ile niliona aibu kuuliza, nikadhani kuuliza kutamfanya mgeni aone hajapewa mwongozaji wa kweli. Mtu anayetafuta pumzi hana habari na Kiingereza chako. Anataka begi.

Kamusi ukiifungua, usiishie kwenye maana namba moja. Shuka mpaka ya mwisho, kisha jiulize ipi kati ya hizo unaweza kuisikia kwenye kazi yako wiki hii. Hizo ndizo za kuandika, kila moja na sentensi yake.

Ukimaliza “trunk”, chukua “horn”. Anza na pembe ya nyati, uje kwenye honi ya gari, halafu angalia kwa nini pembe ya tembo haiitwi hivyo.